KIJANA ASIYE NA KAZI KATIKA KATUNI ZA KIJAPANI

Ndugu msomaji, huenda ukastaajabu kumwona mzee wa umri wangu, aliyetumia maisha yake kuwasomesha watoto alifu na bee, akishika kalamu kuandika habari za katuni. Hata mimi, lau ningeambiwa hivyo miaka miwili iliyopita, nisingesadiki. Walakini kila jambo lina sababu yake, nami nitakueleza sababu kwanza ndipo nije kwenye hukumu.

Pana kijana mmoja niliyemsomesha tangu hajajua kushika kalamu. Alihitimu chuo katika fani ya hesabu, akarudi nyumbani na cheti chake. Ukapita mwaka wa kwanza, wa pili, na wa tatu, naye hajapata kazi. Kila siku baada ya sala ya Isha alikuwa akija barazani kwangu, akiamkia kwa adabu, kisha akikaa pembeni na simu yake mkononi, macho hayabanduki. Usiku mmoja nilimgombeza. Nilimwambia, "Mwanangu, umri wako wapotea kwa kutazama vikaragosi vya watoto." Akanijibu kwa upole, "Maalim, hizi si za watoto. Humu wanaelezwa watu kama mimi. Zitazame kwanza, kisha hukumu."

Sikuwa na la kumjibu. Sisi tunaofundisha twawahimiza wanafunzi wetu kila siku kwamba hakimu hahukumu kabla ya kusikiliza. Basi nikakaa naye, usiku baada ya usiku, yeye akinifasiria maandishi yapitayo chini ya picha. Nimetazama nne. Kwa hizo nne nitasema, na kwa zilizobaki nitanyamaza.

CHANZO CHA MAMBO

Wajapani huziita filamu zao za katuni anime. Kwao si mchezo wa watoto peke yake. Ziko za watoto, ziko za vijana, na ziko za watu wazima, kama zilivyo hadithi za vitabuni. Na hadithi haioti hewani. Ili tufahamu kwa nini katuni za nchi tajiri kama ile zimejaa vijana wasio na kazi, hatuna budi kutazama yaliyowafika wenyewe.

Kwa miaka mingi baada ya Vita Vikuu vya Pili, desturi ya Japani ilikuwa hivi: kijana amaliza chuo mwezi wa Machi, aingia kampuni mwezi wa Aprili pamoja na wahitimu wenzake wa mwaka ule, na aghlabu hukaa humo mpaka astaafu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 bei za ardhi na za hisa, zilizokuwa zimefura kama mkate wa hamira, ziliporomoka. Makampuni mengi hayakupenda kuwaachisha kazi watu wao wa zamani, bali yalipunguza mlango wa kuingilia vijana. Wakati ule, tokea mwaka 1993 hivi mpaka 2005 hivi, Wajapani wenyewe wauita zama za barafu za ajira. Na aliyeikosa Aprili yake alipata taabu ya miaka mingi, kwa maana mwaka uliofuata makampuni yaliwataka wahitimu wapya, naye si mpya tena.

Hapo ndipo yalipoenea majina mawili. La kwanza ni niito, neno walilolichukua kutoka Uingereza, ambako lilitumika katika ripoti ya serikali ya mwaka 1999 kwa maana ya kijana asiye shuleni, asiye kazini, wala asiye katika mafunzo. Japani lilivuma mwaka 2004, na humo huhesabiwa wenye umri wa miaka 15 hadi 34. La pili ni hikikomori, yaani mtu aliyejifungia nyumbani miezi sita au zaidi, hashiriki shughuli za watu. Jina hili lilienea zaidi baada ya tabibu wa maradhi ya nafsi, Tamaki Saitō, kutoa kitabu chake mwaka 1998. Makisio ya serikali ya Japani kwa mwaka 2015 yalikuwa watu 541,000 wa umri wa miaka 15 hadi 39. Mwaka 2018 wakatazamwa wenye miaka 40 hadi 64, ikaonekana ni 613,000. Na uchunguzi wa mwaka 2022, uliotangazwa mwaka 2023, uliwakisia wa umri wote, kuanzia 15 hadi 64, kuwa kiasi cha watu 1,460,000.

Tusichanganye mambo, ndugu msomaji. Si kila asiye na kazi amejifungia, wala si kila aliyejifungia ni mvivu. Lakini katuni aghlabu huwaweka watu hawa katika chumba kimoja: dirisha limefungwa, mabaki ya chakula yametapakaa sakafuni, na mama yuko nyuma ya mlango na sinia mkononi, hajui agonge au arudi.

NIKIFIKA DUNIA NYINGINE

Ya kwanza tuliyoitazama yaitwa Mushoku Tensei, maana yake "Kuzaliwa Upya kwa Asiye na Kazi". Ilianza kama hadithi ya kusomwa mwaka 2012, ikafanywa filamu ya sehemu nyingi mwaka 2021. Habari yake ni ya mwanamume wa miaka 34. Alipokuwa mwanafunzi, wenzake walimdhalilisha mbele ya watu, akajifungia chumbani, na tangu hapo hakutoka. Wazazi wake wakafa naye hakuhudhuria maziko. Ndugu zake wakamtupa nje. Akiwa njiani aliwaona vijana wakitaka kugongwa na lori, akajitosa kuwaokoa, akafa yeye. Kisha azinduka akiwa mtoto mchanga katika dunia ya upanga na mazingaombwe, na humo, kwa kuwa aanza kujifunza angali mdogo na hufanya mazoezi kila siku mpaka nguvu zimwishe, awa hodari sana.

Kijana wangu aniambia kwamba hadithi za namna hii ni nyingi mno hivi leo. Sisi hatuna imani ya kuzaliwa mara ya pili hapa duniani, na wala sitapoteza wino kubishana na hekaya. Linalonishughulisha ni jina lake la pili, ambalo maana yake ni kwamba mtu huyu akifika dunia nyingine ndipo atakapojitahidi kwa kweli. Je, kwa nini dunia nyingine? Kwa nini hakuna hata mtu mmoja, katika dunia hii ya kwao yenye treni za kasi na viwanda vya kila namna, aliyempa nafasi ya kujitahidi? Mtungaji ameweza kubuni falme, mazimwi na lugha ngeni, lakini kumbunia mtu wake kazi katika mji aliozaliwa ameshindwa. Ikiwa njia pekee ya kijana kuonekana kuwa ni mtu ni kufa kwanza, basi tusiseme kwamba hiyo ni hadithi ya matumaini. Ni kilio kilichovikwa nguo za sikukuu.

Na ina aibu ya pili. Mwanamume yule aliingia katika maisha mapya na macho yake machafu, na filamu huufanya uchafu huo kuwa kichekesho. Mimi simchekei. Mtu aliyedhulumiwa hastahili kusamehewa kila analolifanya kwa kuwa alidhulumiwa, na mzazi asidhani kwamba kwa kuwa ni katuni, basi yafaa kwa mtoto wa miaka kumi.

Pamoja na hayo, nitakuwa dhalimu nisipotaja jambo moja. Mtoto yule ana mwalimu, msichana jina lake Roxy. Ikaja siku ya mtihani wa mwisho, ampandisha farasi wamtoke nyumbani, naye mtoto atetemeka kwa hofu, kwa sababu tangu maisha yake ya kwanza huko nje ndiko alikoumizwa. Mwalimu hamcheki, wala hamhubirii. Ampitisha pole pole katikati ya kijiji, akisalimiana na watu, mpaka kutetemeka kukamwisha. Miaka mingi nimekuwa mwalimu, na hapo nilinyamaza. Nilijiuliza ni wangapi niliowapitisha hivyo, na ni wangapi niliowaambia tu, "Toka nje!"

VIJANA 20,000 NA SIMU MOJA

Ya pili ni Higashi no Eden, yaani "Edeni ya Mashariki", ya mwaka 2009, yenye sehemu 11 na filamu mbili ndefu zilizofuata, iliyoongozwa na Kenji Kamiyama. Kwa maoni yangu, katika hizi nne, hii ndiyo iliyofikiri sana juu ya jambo letu.

Pana mzee mmoja tajiri anayeona nchi yake inazama. Achagua watu kumi na wawili, na kila mmoja ampa simu yenye yen bilioni 10, kwa sharti moja, kwamba aiokoe Japani. Mmoja wao ni kijana Akira Takizawa. Mwengine, kwa ghadhabu zake, aona dawa ya nchi ni kuipiga makombora. Takizawa awakusanya vijana 20,000 wasio na kazi, nao wawahamisha wakazi wa mtaa kabla makombora hayajaanguka, hata asife mtu. Badala ya kushukuriwa, vijana wale walituhumiwa kwamba wao ndio waharibifu. Takizawa akajitwika lawama yeye mwenyewe, na vijana akawapakia katika makontena kuelekea Dubai. Baadaye wanarudi, na wanarudi uchi, jambo ambalo sikuona faida ya kulionyesha. Na makombora 60 yanapotupwa, Takizawa awaomba wale wale wanaoitwa taka wampe rai zao kwa simu zao, na kutoka katika vichwa vile maelfu kwa maelfu ikapatikana njia ya kuyazuia.

Pia yumo kijana wa Kyoto, stadi wa kompyuta, ambaye alijifungia ndani tangu suruali yake iliporuka dirishani kwa upepo. Tulicheka, lakini ndani ya kicheko pana fumbo. Mlango wa kijana huyu haukufungwa na maradhi makubwa wala dhambi kubwa. Ulifungwa na suruali moja. Na wangapi kati yetu wamewahi kushindwa kwenda kuomba kazi kwa kukosa nauli, au shati la kuvaa? Kidogo kikikosekana, kikubwa chote hulala.

Uzuri wa filamu hii ni kwamba haikumsifu kijana mmoja mmoja kuwa ana kipaji cha ajabu. Imesema kwamba uwezo uliolala ni wa wengi kwa pamoja, na kwamba huamka pale anapotokea mtu akauliza: ninyi mwaonaje? Maisha yao yote waliambiwa fanyeni hivi na hivi, au waliambiwa hamfai. Hakuna aliyewauliza rai.

Ila nina makosa matatu nayo. Kwanza, imehitaji makombora. Kijana ambaye manufaa yake huonekana siku ya msiba tu, siku ya amani atakula nini? Mji hauishi kwa kuokolewa mara moja, waishi kwa wanaofagia soko, wanaotengeneza mabomba na wanaoandika hesabu za kila siku. Pili, fedha zote zilitoka kwa mzee mmoja, zikashuka kama mvua. Hapo filamu imekiri ukweli bila ya kukusudia, kwamba mfuko umeshikwa na wazee, na kijana hawezi kitu mpaka mzee afungue. Lakini badala ya kuuliza kwa nini mfuko umefungwa, imetupa ndoto ya mzee mkarimu. Tatu, makombora yalipokwisha, wale 20,000 hatukuwaona wakienda kazini asubuhi. Walitumiwa, wakapigiwa makofi, kisha wakaachwa.

NJAA NA UKWELI

Ya tatu yaitwa NHK ni Yōkoso, yaani "Karibu NHK", ya mwaka 2006, sehemu 24, iliyotokana na kitabu cha Tatsuhiko Takimoto cha mwaka 2002. Huyu Satō, kijana wa miaka 22, ameacha chuo, na amekaa chumbani karibu miaka minne kwa fedha anazoletewa na wazazi. Kwa kuwa nafsi haipendi kujilaumu, amejitungia kwamba herufi za jina la shirika la utangazaji la nchi yao zaficha njama ya kuwafanya watu wajifungie. Sitakuficha kwamba imo michezo michafu, ulaghai wa biashara na habari za kutaka kujiua. Ni ya watu wazima, tena wenye moyo mgumu.

Lakini hii haisemi uongo. Atokea msichana, Misaki, anayemwahidi Satō kumtibu kwa mafunzo ya kila jioni katika bustani. Twadhani ni huruma. Mwishowe twajua kwamba alimtaka Satō kwa sababu alitafuta mtu aliye duni kuliko yeye, ili naye ajione ana faida. Ndugu msomaji, katika sadaka zetu na nasaha zetu mna ugonjwa huu. Pana watu humpenda maskini maadamu ni maskini, na siku akisimama kwa miguu yake huona wamepokonywa kitu.

Na Satō anatokaje? Je, chaonekana kipaji chake? Hapana. Alijaribu na jirani yake kutunga mchezo wa kompyuta, wakidhani wana kipaji, na mchezo wenyewe haukufika mbali. Jirani akarudi kwao Hokkaido kwenye shamba la baba yake. Fedha za wazazi zikakatika. Njaa ikamtoa. Akapata kazi ya kusimama barabarani kuongoza magari penye ujenzi. Mtume wa mwokozi hakuja, wala dunia mpya. Ilikuja taa mkononi, kofia kichwani, na ujira mwisho wa kazi. Kijana wangu alisema sehemu hiyo yamsikitisha. Mimi nilimwambia kwamba kwangu ndiyo sehemu ya furaha, na kwamba mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Akanyamaza, kisha akauliza jambo nitakalolitaja mbele.

DHAMBI YA MWENYE KAZI

Ya nne ni ReLIFE, ya mwaka 2016. Arata Kaizaki ana miaka 27. Aliingia kampuni, akaacha baada ya miezi mitatu. Kila anapokwenda kuomba kazi huulizwa kwa nini hakustahimili, na kila anayemhoji humwona mlegevu. Rafiki zake wakimwalika, yeye huvaa suti na tai ili wadhani bado yuko kazini. Pana taasisi yampa kidonge cha kumrudisha sura ya mwanafunzi wa miaka 17, asome tena mwaka mmoja na kujifunza kuishi na watu.

Kidonge ni cha hadithi, lakini sababu ya kuacha kwake si ya hadithi. Katika kampuni ile alikuwako mwanamke aliyemtangulia kazini, mfanyakazi hodari kuliko wote. Wenzake kwa husuda wakamharibia kazi yake na kumdhalilisha mpaka akajitoa uhai. Wakubwa hawakujuta. Kaizaki hakuvumilia, akatoka. Basi nakuuliza, msomaji: kutoka kwake ni ulegevu, au ni kitendo pekee cha uungwana kilichofanyika katika nyumba ile? Na bado cheti chake cha dunia kiliandikwa: miezi mitatu, hafai.

Hili limenigusa, kwa kuwa sisi wazee tuna hotuba moja tunayoirudia, kwamba vijana wa leo hawana subira. Subira ni tunu. Lakini kumtaka mtu asubiri juu ya dhuluma si kumfunza subira, ni kumsaidia dhalimu. Kabla ya kumuuliza kijana kwa nini ameacha kazi, tumuulize mwenye kazi alimfanyia nini.

HAZINA NA MKONO

Sasa tuzikusanye. Tatu kati ya nne hizi zimejengwa juu ya usemi mmoja, kwamba ndani ya kijana asiye na kazi mmelala hazina, na ikifunguliwa atawashangaza watu. Yule wa lori akawa bingwa wa mazingaombwe. Wale 20,000 wakawa akili iliyookoa taifa. Kaizaki amegeuka mshauri mwema wa kila mtoto darasani. Ni usemi mtamu, nami nimeutumia barazani kwangu miaka mingi. Na ni bora kuliko matusi, kwa maana kabla ya filamu hizi na hata baada yake, Japani na kwingineko, kijana huyu huitwa mzigo.

Lakini ile usiku wa Satō na taa yake ya barabarani, kijana wangu aliniuliza, "Maalim, na asiye na kipaji je?"

Nilitafuta jibu, sikulipata. Kwa hakika hapo ndipo katuni hizi zinapopungukiwa, nasi pamoja nazo. Tukisema kijana apewe nafasi kwa kuwa huenda ni hodari aliyefichika, basi tumesema kwamba asiyekuwa hodari anastahili kukaa gizani. Heshima ya mtu tumeifanya kuwa bahati nasibu. Mwanadamu hastahili kazi kwa kuwa yeye ni johari. Astahili kwa kuwa ana tumbo, ana wazazi wanaozeeka, ana mikono aliyopewa na Mola wake, na mikono hiyo itaulizwa. Wengi wetu, wewe nami, hatuna hazina yoyote ya ajabu. Tulipewa kazi tukiwa hatujui, tukakosea, tukasahihishwa, na kwa kukosea huko ndio tukawa mafundi. Uwezo haukai ndani ya mtu kama fedha katika sanduku, ukingoja ufunguo. Uwezo huzaliwa baina ya mkono na kazi, na mkono usiopewa kazi hauna cha kuficha.

Ndiyo maana nasema ya Satō ni ya kweli kuliko zote, ingawa ni chafu zaidi machoni. Yeye hakuambiwa kwamba ni johari. Alipewa taa ashike.

Tena tusisahau nani anayezichora picha hizi. Inajulikana kwamba wachoraji wachanga wa anime hulipwa ujira mdogo mno, na wengi huacha kazi hiyo wakiwa bado vijana. Vijana wasiotosheka kwa ujira wao huchora usiku na mchana habari za vijana wasio na kazi, na dunia nzima huzitazama. Ikiwa yuko mtu anayetaka kuiona hazina ya vijana wa Japani, asiitafute katika hadithi tu. Imo katika kalamu inayoichora hadithi yenyewe, na haikulipwa.

NA MIMI JE?

Ningeweza kuishia hapo, ukaniona mkosoaji mzuri. Lakini sentensi hiyo ya mwisho niliisema kwa mdomo kabla ya kuiandika, barazani, na kijana wangu alinitazama tu, hakusema neno. Adabu yake ndiyo iliyonihukumu.

Kwa maana, ndugu msomaji, daftari la hesabu za madrasa yangu, la ada za watoto, la michango ya wahisani, la mafuta ya jenereta na chaki, ni nani aliyekuwa akiliandika kwa miaka mitatu hiyo? Ni yeye. Kila mwisho wa mwezi nilimwita, akakaa mkekani mpaka usiku, akalipanga safi hata senti haikupotea, nami nikampiga bega na kumwambia, "Mwanangu, una kipaji kikubwa, usikate tamaa, na thawabu yako iko kwa Mwenyezi Mungu." Mwalimu wa sarufi analipwa. Fundi aliyepaka chokaa alilipwa. Huyu nilimlipa sifa. Nilimwita asiye na kazi, na kazi yake nilikuwa nikiila mimi.

Jambo hili nililipeleka kwa kamati yetu, nikalisema mbele ya wazee wenzangu bila kujitetea. Sasa anaandikiwa ujira kila mwezi. Ni mdogo. Hautoshi kuoa, wala kupanga nyumba, na sidai kwamba nimeokoa mtu. Bado anatuma maombi ya kazi, na bado hutazama katuni zake baada ya Isha. Lakini katika daftari, mahali pa jina la mwandishi wa hesabu, ambapo miaka mitatu palikuwa patupu, ameandika jina lake, na siku aliyoliandika alilipigia mstari kwa rula.

Basi nasaha yangu ni fupi. Ewe kijana, zitazame hizi ukipenda, kwa kuchagua na kwa haya, lakini usiingoje dunia nyingine, wala usiikatae taa ya barabarani kwa kuwa umeambiwa u johari. Ewe mzazi, usimgongee mwanao mlango kwa matusi. Mtoe nje pole pole, kama alivyofanya mwalimu yule na farasi wake. Nawe mwenye duka, mwenye karakana, mwenye chuo na mwenye shamba, kabla hujamsifu kijana wa jirani yako kwa kipaji chake, tazama kwanza kama hakuna kazi yako anayokufanyia bure. Ukiikuta, mlipe kwanza. Sifa zaweza kungoja.

Wabillahi tawfiq.